Usidharau simu ya kuuliza habari za mvua

MPENZI msomaji, jaribu kukumbuka: ni lini mara ya mwisho rafiki yako alikupigia simu bila kuwa na shida yoyote? Hakutaka mkopo, hakuwa na msiba wa kukuarifu, hakukuingiza kwenye kamati ya harusi. Alikuuliza tu kama mvua zimenyesha huko kwenu, akakueleza kwamba kwao jua ni kali, mkacheka kidogo, mkaagana. Ulipokata simu, pengine ulijiambia moyoni, "Huyu naye hana kazi."

Kama ndivyo, makala ya leo inakuhusu. Simu ya namna hiyo ina faida kwa moyo wako na kwa ubongo wako, na siku mbaya ikifika inaweza kuwa ndiyo itakayokuwahisha hospitali.

Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa wanaoidharau. Mama yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Tanga. Ana wenzake wawili aliosoma nao chuo cha ualimu. Mmoja yuko Lushoto. Mwingine alihamia Leicester, Uingereza, kumsaidia binti yake kulea wajukuu. Kila asubuhi baada ya chai, wanawake hawa watatu hutumiana ujumbe wa sauti kwenye simu.

Ukiwasikiliza, utadhani hawasemi kitu. Mama ataanza: "Shoga zangu, kusi limeanza, mchanga wote umehamia sebuleni." Wa Lushoto atajibu kwamba ukungu umefunika hadi mti wa jirani hauonekani na amevaa masweta mawili. Wa Leicester, kama ni Desemba, atawaambia wasilalamike, kwani kwake jua linazama kabla ya saa kumi jioni.

Wakimaliza hali ya hewa wanaingia kwenye ndege. Mama ana mnana wanaosuka viota kwenye mnazi wa jirani, na huwasimulia wenzake kama anavyosimulia habari za mtaani. Mnana dume ndiye anayejenga, kisha jike huja kukagua. Asiporidhika, dume hukibomoa kiota na kuanza upya. "Leo bibi harusi kaikataa nyumba kwa mara ya pili," Mama atasema, na huko Lushoto na Leicester watu wanacheka peke yao jikoni. Wa Leicester ana ndege mdogo mwenye kifua chekundu, Waingereza humwita robin, anayekuja dirishani kula makombo. Septemba huwaaga mbayuwayu, ndege ambao hukimbia baridi ya Ulaya na kuja Afrika. "Wageni wenu wameondoka, wapokeeni," anasema. Wiki kadhaa baadaye Mama anaona mbayuwayu wamejipanga kwenye waya wa umeme, anamjibu kwamba wamefika salama. Kama ni wale wale au la, hakuna anayejali.

Nilikuwa nikimtania Mama kwamba bando lake lote linaishia kwa kunguru na mawingu. Siku moja nikaacha kumtania.

Asubuhi hiyo ujumbe wa Lushoto ulichelewa. Ulipofika ulikuwa mfupi. Alisema habari za ukungu kama kawaida, lakini maneno yalikuwa mazito, yanaburuzika, na katikati ya sentensi alinyamaza kama aliyesahau anachotaka kusema. Mimi niliusikia na sikuona tatizo. Nilidhani ameamka vibaya. Mama aliusikiliza mara mbili akasema, "Sauti ni yake, lakini huyu siye." Akapiga simu. Iliita, ikapokelewa, akasikia sauti ya kuguna tu. Bila kungoja alimpigia jirani wa rafiki yake, mwenye duka, ambaye namba yake walikuwa wameigawana zamani. Jirani alimkuta ameketi kitandani, mdomo umevutika upande mmoja, mkono wa kulia hauinuki. Kilikuwa kiharusi. Alifikishwa hospitali mapema. Leo anatembea kwa fimbo, na maneno yamemrudia taratibu kwa miezi mingi ya mazoezi.

Nimekaa na tukio hilo muda mrefu. Daktari asingeweza kuugundua ule ujumbe, kwa sababu hakujua mama yule huongeaje siku ya kawaida. Mimi nilishindwa. Aliyeweza ni mtu aliyemsikia akizungumzia ukungu kila siku kwa miaka.

UPWEKE SI UGONJWA WA WAZUNGU

Wengi wetu huamini upweke ni shida ya nchi baridi, ambako jirani hamjui jirani. Sisi tuna ndugu, tuna misiba na harusi, tuna daladala zilizojaa. Mtu atakuwaje mpweke?

Juni 2025 kamisheni ya Shirika la Afya Duniani, WHO, inayoshughulikia uhusiano wa watu katika jamii ilitoa ripoti yake. Ilieleza kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Lakini sehemu inayotuhusu zaidi ni hii: katika nchi za kipato cha chini, takriban asilimia 24 ya watu walisema wanahisi upweke. Katika nchi tajiri ilikuwa kama asilimia 11. Yaani kwa nchi maskini ni mara mbili.

Hapa inafaa tutofautishe mambo mawili. Kuwa peke yako ni kukaa bila watu. Upweke ni maumivu ya kukosa uhusiano unaoutamani. Unaweza kuishi peke yako shambani na usiwe mpweke, kwa sababu kila jioni kuna mtu unayezungumza naye. Na unaweza kuishi nyumba yenye watu tisa ukawa mpweke, kwa sababu wote wanakuuliza umekula au umekunywa dawa, lakini hakuna anayekuuliza umeona nini leo.

Wastaafu, wajane, vijana waliohamia mjini kutafuta kazi, mama aliyejifungua akafungiwa ndani na mtoto, mtu anayeuguza mgonjwa nyumbani kwa muda mrefu, wote hawa wako katika hatari. Kwa mstaafu, kinachopotea si mshahara peke yake. Zinapotea pia zile salamu za getini, utani wa saa ya chai na ubishi wa mpira wa Jumatatu asubuhi. Hakuna anayemwandalia mtu mafao ya vitu hivyo.

MWILINI KUNATOKEA NINI?

Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Julianne Holt-Lunstad wa Marekani walikusanya matokeo ya tafiti 148 zilizohusisha watu zaidi ya 308,000. Walikuta kwamba watu wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 50, wa kuwa hai mwishoni mwa muda waliofuatiliwa, wakilinganishwa na wenye uhusiano dhaifu. Ni kweli kwamba mgonjwa naye huweza kujitenga kwa sababu anaumwa. Lakini tofauti hiyo ilionekana hata hali ya afya ya mwanzo ilipozingatiwa.

Sababu ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya ndani ya mwili. Binadamu anapohisi hana mtu, mwili huishi kama uko kwenye ulinzi. Homoni za msongo, kama kotisoli, hubaki juu, shinikizo la damu hupanda, usingizi huwa wa kukatikakatika. Hali hiyo ikidumu miezi na miaka, mishipa ya damu na moyo huchoka.

Sababu ya pili ni ya maisha ya kila siku. Mtu mwenye rafiki hukumbushwa kliniki. Huambiwa, "Mbona unakohoa tangu wiki iliyopita?" Hutoka nje kwa sababu ana mtu wa kumtembelea, na akitoka hutembea. Hupika chakula cha maana kwa sababu kuna mgeni. Mpweke hunywa chai kwa mkate mchana na usiku, kisha anasema hana hamu ya kula.

Ubongo nao unahusika. Mwaka 2024 jopo la wataalamu walioandika katika jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, ambayo tunaweza kuyafanyia kitu. Kujitenga na watu ni mojawapo. Kupungua kwa uwezo wa kusikia na kuona ambako hakujatibiwa kumo pia, nami nitarudi kwenye masikio hivi punde.

KWA NINI MVUA, KWA NINI NDEGE?

Pengine utauliza: kama urafiki ni dawa, si tuzungumze mambo mazito? Kwa nini tupoteze muda kwa mawingu na kunguru?

Kwa sababu mambo mazito hayazungumzwi na mtu usiyezoeana naye kwa mambo mepesi. Hakuna anayeamka asubuhi na kumwambia mtu kwamba amechoka kuishi, ikiwa hawajazungumza tangu Pasaka. Habari za mvua ni mlango. Ukifunguliwa kila siku hauoti kutu, na siku mtu ana jambo zito anajua pa kupitia.

Pili, hali ya hewa haina aibu. Hakuna tajiri wala maskini wa mvua. Mtu aliyefiwa, aliyeachishwa kazi au ambaye mtoto wake amemwangusha hataki kuulizwa habari za nyumbani kila siku. Lakini anaweza kuulizwa kama vuli imeanza. Akijibu, amepata nafasi ya kuwa mtu wa kawaida kwa dakika tatu, na hiyo si nafasi ndogo.

Ndege wana faida ya ziada: ili uwe na habari zao lazima utoke nje na utulie. Oktoba 2022 watafiti wa King's College London walichapisha utafiti uliohusisha watu karibu 1,300. Kwa kutumia programu ya simu iitwayo Urban Mind, watu hao waliulizwa mara tatu kwa siku kama wanaona au kusikia ndege, na wanajisikiaje wakati huo. Waliokuwa wameona au kusikia ndege walijisikia nafuu zaidi, na nafuu hiyo iliweza kudumu hadi saa nane. Ilionekana hata kwa watu waliokuwa wameambiwa na daktari kwamba wana sonona.

Huhitaji bustani kubwa. Kuna shomoro kwenye paa la kila nyumba ya mjini, tetere kwenye waya, chozi kwenye maua ya mpapai, mnana palipo na minazi au matete. Kunguru hawa weusi wa mjini wenye shingo ya kijivu nao wana historia ya kusimulia: asili yao ni bara Hindi, wakaletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na sasa wamejaa pwani nzima wakiwasumbua ndege wadogo na kula makinda yao. Rafiki akikuambia kwamba wiki hii amesikia chozi wakilia mahali palipokuwa pa kunguru watupu, hiyo ni habari.

Sikukuu nazo ni sehemu ya mazungumzo haya, ila zina upande wa pili. Idi, Krismasi na mwaka mpya ni siku za furaha kwa wengi, lakini kwa mjane au mtu aliye mbali na kwao ndizo siku ndefu kuliko zote. Simu nyingi humiminika siku yenyewe, kisha kesho yake kimya. Nakushauri hivi: kama una rafiki wa namna hiyo, mpigie siku mbili baada ya sikukuu. Muulize walipika nini, nani alikuja, mvua iliwakuta wapi. Siku hiyo atakuwa na nafasi ya kukusikia, na wewe utasikia vizuri zaidi hali yake.

SIKILIZA KILICHOBADILIKA

Faida kubwa ya kuzungumza mara kwa mara ni kwamba unaijua kawaida ya mwenzako. Ukishaijua, mabadiliko yanasikika. Haya ndiyo ya kuyatega sikio.

Maneno kuburuzika ghafla, kukosa neno la kawaida, au kusema mambo yasiyoeleweka. Hii ni dalili ya kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo. Dalili nyingine ni uso kuvutika upande mmoja na mkono au mguu kukosa nguvu ghafla. Usingoje apumzike aone kama itaisha. Kwa kiharusi kinachotokana na damu kuganda, kuna dawa ya kuyeyusha bonge la damu katika hospitali zenye huduma hiyo, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na baada ya kupigwa picha ya kichwa. Kwa hiyo kumbuka saa ambayo mara ya mwisho alikuwa mzima, daktari atakuuliza. Usimpe chakula wala kinywaji kwa sababu anaweza kupaliwa. Usimpe aspirini kwa kubahatisha, kwani kama ni mshipa uliopasuka utaongeza kutoka damu.

Hata dalili zikiisha zenyewe baada ya dakika chache, mpeleke. Hiyo mara nyingi ni onyo la kiharusi kikubwa kinachokuja.

Kupoteza hamu. Rafiki aliyekuwa na habari kila siku sasa anasema, "Hamna jipya." Hacheki pale alipokuwa akicheka. Halali, au analala mchana kutwa. Hali ya huzuni au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, ikidumu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, inaweza kuwa sonona. Sonona ni ugonjwa na inatibika.

Hili nalo liliwatokea wale wanawake watatu. Majira fulani ya baridi, yule wa Leicester aliacha kumtaja ndege wake mwenye kifua chekundu. Alikuwa akijibu salamu vizuri tu, lakini ndege hakutajwa. Siku ya kumi Mama alimuuliza, "Yule mgeni wako wa dirishani kahama?" Kimya kidogo, kisha akasema hajafungua pazia siku nyingi. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yalipoanza, na binti yake akajulishwa, naye akampeleka kwa daktari. Mama hakuwa na ujuzi wowote wa kitabibu. Alijua tu kwamba rafiki yake hawezi kukaa siku kumi bila kumtaja yule ndege.

Kama rafiki anasema kwamba ni mzigo kwa watu, au kwamba heri asingekuwapo, usibadilishe mada kurudi kwenye mvua. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kunampa ruhusa ya kusema. Usimwache peke yake, ita mtu aliye karibu naye, na mfikishe kwenye kituo cha afya.

Kurudia na kusahau. Sote hurudia hadithi. Lakini mtu anayesimulia jambo lile lile mara tatu katika simu moja, au anayepotea njia ya kwenda sokoni anakokwenda miaka yote, anahitaji kupimwa.

Kuacha kuja barazani. Mara nyingi tunasema, "Mzee siku hizi kanuna, hataki watu." Kumbe hasikii. Kwenye kijiwe watu watano huongea kwa pamoja. Asiyesikia vizuri hucheka pasipochekesha, anaona aibu, mwisho anabaki nyumbani. Kabla ya kumwita mkorofi, mpeleke apimwe masikio. Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba, na inatolewa kwa dakika chache na mhudumu wa afya. Macho nayo yapimwe. Mtu mwenye mtoto wa jicho huogopa kutoka jioni kwa sababu anaogopa kuanguka.

UANZE WAPI?

Chagua watu wawili au watatu, usichague 20. Kundi la simu lenye watu 200 halitagundua kwamba wewe umenyamaza. Picha ya ua iliyoandikwa "asubuhi njema", iliyotumwa kwa watu 50 kwa mkupuo, si mazungumzo. Sauti ni bora kuliko maandishi, kwa sababu sauti hubeba uchovu, kikohozi, furaha na machozi.

Weka wakati. Baada ya chai, baada ya swala ya alasiri, au wakati wa kumwagilia maua. Kilichowasaidia Mama na wenzake ni mazoea. Ujumbe usipofika saa ya kawaida, mtu anajua.

Gawaneni namba za majirani. Hili ni dogo lakini ndilo lililookoa siku ile. Kama rafiki yako anaishi peke yake, hakikisha una namba ya mtu mmoja anayeweza kugonga mlango wake ndani ya dakika kumi. Muulize kwanza kama anaridhia.

Wanaume, hili ni lenu pia. Wanawake wengi huendelea na mashoga zao mpaka uzeeni. Mwanaume mara nyingi urafiki wake ulikuwa wa kazini, na kazi ikiisha urafiki nao umekwisha. Kijiwe cha kahawa na ubao wa bao ni mahali pa afya, mradi kahawa isigeuke kitu kingine. Kama miguu haikuruhusu kwenda kijiweni, tafuta kiti, kaa nje ya nyumba yako asubuhi. Wapitao watasalimia. Baraza za mawe za Unguja hazikujengwa kwa urembo tu. Zilijengwa ili mtu aketi nje na mazungumzo yamfuate.

Ukitaka kuwavuta ndege karibu, weka beseni dogo la maji mahali pa kivuli. Hapa naomba uwe makini. Mbu aenezaye dengi hutaga kwenye maji masafi yaliyotulia, na yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili. Mwaga maji hayo kila siku, na usugue kingo za chombo kwa sababu mayai hung'ang'ania hapo na huweza kukaa makavu kwa miezi. Usiwafungie ndege tunduni, na usishike ndege aliyekufa kwa mikono mitupu. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kucheza karibu na beseni.

MIPAKA YAKE

Nisingependa uelewe kwamba mazungumzo yanachukua nafasi ya hospitali. Rafiki anagundua, mhudumu wa afya anatibu. Kuna hata marafiki wanaodhuru bila kukusudia. Mmoja ana vidonge vya presha vilivyomfaa, anampa mwenzake. Mwingine anasambaza ujumbe wa majani yanayoponya kisukari kwa siku saba, na mwenzake anaacha insulini. Gawaneni habari, msigawane dawa.

Zipo pia huzuni ambazo rafiki wa kawaida hawezi kuzibeba peke yake. Kwa hizo, bara letu lina mfano mzuri. Mwaka 2006 Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, alianza kuwafundisha bibi wa mitaani mjini Harare kusikiliza watu wenye msongo na kuwasaidia kutafuta njia ya kutatua tatizo moja baada ya jingine. Wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, ndiyo maana mpango huo unaitwa Benchi la Urafiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwahusisha watu 573. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona kati ya waliopitia benchi walikuwa takriban asilimia 14. Kwa wale waliopata huduma ya kawaida ilikuwa karibu asilimia 50. Bibi wale hawakuwa madaktari. Walikuwa wamefundishwa, wana muda, na wanajua kuketi na mtu.

Kuketi na mtu ndilo jambo ambalo wewe na mimi tunaliweza leo bila gharama zaidi ya bando dogo. Kwa hiyo ukimaliza kusoma ukurasa huu, fikiria jina moja. Mtu ambaye hujasikia sauti yake muda mrefu, ambaye huna shida naye na yeye hana shida nawe. Mpigie. Akishtuka na kukuuliza, "Kuna nini?", mwambie hakuna kitu, ulitaka tu kujua kama mvua zimenyesha. Kisha mpe nafasi ajibu, na usikilize vizuri anavyojibu. Kesho kutwa mpigie tena.

Jana nilimkuta Mama amekaa nje na simu mkononi. Wa Lushoto alikuwa ametuma ujumbe, bado anasema polepole, anatafuta maneno. Alichukua dakika nzima kueleza kwamba ukungu umeondoka mapema na kuna ndege asiyemjua anayelia kwenye mti wa parachichi. Mama aliusikiliza wote, kisha akabonyeza simu na kumwambia, "Mwenzangu, hebu mrekodi tumsikie."

Tukutane wiki ijayo.